Namna ya Kuongoza Somo la Mfano wa Mungu: Vifungu, Maswali na Mahali pa Kuteleza

Somo hili huharibika mapema sana. Mwalimu hufungua Mwanzo 1:27, huuliza, "Ni kitu gani ndani ya mtu kinachofanana na Mungu?", na baada ya dakika tano ubao umejaa: akili, dhamiri, lugha, utashi, roho. Orodha inapendeza machoni, lakini tayari imemwacha nje mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia leo, na bibi ambaye hakumbuki tena majina ya wanawe. Kosa liko kwenye swali lenyewe. Maandiko hayasemi kwamba ndani ya mtu mna kipande fulani kilicho mfano wa Mungu. Yanasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu: mtu kwa ukamilifu wake, na kila mtu. Hapa tunaeleza jinsi ya kulijenga somo juu ya msingi huo, kwa kundi la watu 8 hadi 12, katika dakika 90.

Jitengee saa tatu za matayarisho, na afadhali uzigawe kwa siku mbili. Utahitaji Biblia ya tafsiri ya Muungano (ile ya 1952, ambayo nukuu zetu zimetoka humo), tafsiri nyingine moja ya kulinganishia, karatasi moja kwa kila mshiriki, na sarafu chache, mojawapo iwe imechakaa.

Vifungu vya kusoma, na mpangilio wake

Watu hushangaa kusikia kwamba Agano la Kale linamtaja mtu kuwa mfano wa Mungu mahali patatu tu, na pote ni katika Mwanzo: 1:26-27, 5:1-3 na 9:6. Zaburi ya 8 inaimba habari hiyohiyo bila kulitumia neno lenyewe. Katika Agano Jipya kuna Yakobo 3:9 na 1 Wakorintho 11:7 kuhusu wanadamu kwa jumla. Kisha kuna kundi la pili linalomhusu Kristo na wale wanaofananishwa naye: 2 Wakorintho 3:18 na 4:4, Wakolosai 1:15 na 3:10, Waefeso 4:24, Warumi 8:29, Waebrania 1:3.

Visome kwa mpangilio huohuo, na usianze na Wakolosai. Ukianza na utu mpya, darasa litadhani mfano wa Mungu ni mali ya waliookoka peke yao, na hutafanikiwa kuwatoa huko hata ukitumia saa nzima. Mwanzo 9:6 haiulizi kama aliyeuawa alikuwa mcha Mungu.

Soma kila kifungu mara mbili: mara ya kwanza pamoja na aya kumi zinazokitangulia, mara ya pili peke yake, ukiandika vitenzi pembeni. Vitenzi ndivyo vitakavyokusaidia pale ambapo majina yanateleza.

Maneno "mfano" na "sura" na mitego yake

Msomaji wa Kiswahili anaingia katika kifungu hiki akiwa na mizigo mitatu ambayo haimo katika Kiebrania, na ni wajibu wako kuitua kabla ya kuendelea.

Mzigo wa kwanza ni neno "mfano". Katika mazungumzo ya kila siku, "kwa mfano" hutangulia kielelezo: "matunda, kwa mfano machungwa". Na "mifano ya Yesu" ni hadithi zenye mafundisho. Kwa hiyo wapo wanaosikia "kwa mfano wa Mungu" kana kwamba Mungu alikuwa kielelezo cha kuigiza tu, kama fundi anayetazama kiti kimoja ili atengeneze kingine. Mzigo wa pili ni "sura". Sura ni uso, na uso una macho, pua na rangi. Hapo ndipo panapozaliwa mabishano kuhusu Mungu ni wa rangi gani. Mzigo wa tatu ni kudhani kwamba kwa kuwa maneno ni mawili, basi vitu navyo ni viwili.

Neno la Kiebrania nyuma ya "mfano" katika Mwanzo 1:26 ni tselem. Ni neno la kushikika. Katika 1 Samweli 6:5 hutumika kwa sanamu za majipu na panya zilizotengenezwa na Wafilisti. Katika Hesabu 33:52 ni sanamu za kusubu. Ni kitu kinachosimama mahali fulani kumwakilisha asiyeonekana hapo. Nyuma ya "sura" kuna demuth, neno pana zaidi, lenye maana ya ufanani. Demuth linachunga tselem: mtu anamwakilisha Mungu na anafanana naye, lakini yeye siye Mungu.

Kuhusu uso na mwili, soma Kumbukumbu la Torati 4:15-16. Israeli wanakumbushwa kwamba pale Horebu hawakuona umbo la namna yoyote, ndiyo maana hawaruhusiwi kuchonga. Aya hizo mbili zinatosha kufunga mjadala wa uso. Lakini usiende upande wa pili ukasema mwili hauhusiki kabisa. Tselem ni neno la kitu kinachoonekana, na Mwanzo 9:6 inazungumzia damu. Anayeuawa ni mtu mwenye mwili, na kosa hilo linahesabiwa juu ya mfano wa Mungu.

Sasa ule mzigo wa tatu. Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, alitenganisha mfano na sura: mfano ulibaki baada ya dhambi, ufanani ulipotea na unarudishwa na Roho. Makanisa ya Mashariki bado yanafundisha kwa mtiririko unaokaribiana na huo, na kuna hekima ya kichungaji ndani yake. Ila haiwezi kujengwa juu ya Mwanzo yenyewe. Waonyeshe darasa jambo hili kwa macho yao: 1:26 inasema "kwa mfano wetu, kwa sura yetu", halafu 5:3 inageuza, "kwa sura yake, kwa mfano wake". Kiebrania kimegeuza vivyo hivyo, na hata viambishi vyake vimebadilishana nafasi. Tena 5:1 inatumia neno moja tu, na 9:6 inatumia lile jingine, bila pengo lolote la maana. Hayo ni maneno mawili yanayobeba mzigo mmoja, kama tunavyosema "hali na mali" tukikusudia msaada ule ule uliokamilika.

Jambo moja la tahadhari kwa wapenda kamusi: tafsiri yetu haishiki neno moja kwa neno moja kila mahali. "Mfano" wa Isaya 40:18 ni demuth. "Mfano" wa Kutoka 20:4, pale tunapokatazwa kujifanyia sanamu, ni neno la tatu kabisa, temunah. Na katika Agano Jipya neno moja la Kigiriki, eikon, limetafsiriwa "sura" katika 2 Wakorintho 4:4, "mfano" katika Wakolosai 1:15, na "sanamu" katika Mathayo 22:20. Fundisho lolote linaloning'inia kwenye tofauti ya "mfano" na "sura" katika Kiswahili litaanguka.

Walichosikia wasomaji wa kwanza

Hapa tumia dakika chache, lakini usiparuke, maana ndipo kifungu kinapopata makali yake.

Katika nchi zilizoizunguka Israeli, aliyeitwa mfano wa mungu alikuwa mfalme. Jina la Farao Tutankhamun, wa karne ya 14 kabla ya Kristo, maana yake ni "mfano ulio hai wa Amun". Wafalme pia walisimamisha sanamu zao katika miji na mahekalu, zikiwawakilisha hata wao wenyewe wasipokuwapo. Mwaka 1979, huko Tell Fekheriye nchini Syria, ilipatikana sanamu ya mtawala wa mji wa Guzana, ya karne ya 9 kabla ya Kristo, iliyoandikwa kwa Kiakadi na Kiaramu. Katika maandishi ya Kiaramu sanamu hiyo inaitwa kwa maneno mawili, na ni ndugu kabisa wa tselem na demuth. Maneno yale yale ya Mwanzo, juu ya jiwe la mfalme.

Kisha rudi kwenye 1:27 uone nani anaitwa hivyo: si mfalme, si kuhani, si mwanamume peke yake. "Mwanamume na mwanamke aliwaumba." Cheo ambacho mataifa walimpa mtu mmoja kwenye kiti cha enzi, Mwanzo inampa kila aliyezaliwa na mwanamke. Usiseme kwamba Mwanzo imenakili kwa Wamisri, hilo halijathibitishwa wala halihitajiki. Inatosha kusema kwamba msikilizaji wa zamani aliijua lugha hii ya kifalme na akasikia imegeuzwa.

Kuipitia Mwanzo 1:26-28 kwa mkono

Wape washiriki karatasi, waandike aya hizi tatu kwa mkono. Inachukua dakika sita hivi, na ni dakika zisizopotea: anayeandika huona anachokiruka anayesoma. Kisha uliza maswali haya, moja moja.

Wanyama waliumbwa kwa kipimo gani? Aya ya 24 na 25 zinarudia "kwa jinsi". Mtu hakuambiwa "kwa jinsi yake". Pale pale mahali pa maneno hayo pamewekwa "kwa mfano wetu". Lakini ameumbwa siku ile ile ya sita pamoja na wanyama wa nchi, hakupewa siku yake. Yote mawili yashikwe pamoja.

"Na tumfanye" ni nani na nani? Wakristo wengi wanaona hapa Utatu. Wengine wanaona Mungu akinena mbele ya baraza lake la mbinguni. Taja yote mawili, toa dakika tatu, funga. Aya ya 27 inarudi kwenye umoja, "Mungu akaumba", kwa hiyo kwa vyovyote malaika si waumbaji wetu, na hakuna mahali Biblia inaposema tuliumbwa kwa mfano wao. Swali hili limemeza masomo mengi.

"Wakatawale" imeunganishwaje na yaliyotangulia? Sikiliza kile kiambishi -ka-: tumfanye, wakatawale. Ni lugha ya kusudi, nenda ukafanye, na Kiebrania kina muundo wa namna hiyo. Kutawala kunatoka katika kuwa mfano wa Mungu, kama kazi inavyotoka katika kuteuliwa. Anayelala kitandani asiweze kuinua mkono hajavuliwa uteuzi wake.

Watawale nini? Orodhesheni: samaki, ndege, wanyama, nchi yote, vitambaavyo. Kisha nyamaza, wacha darasa ligundue lenyewe kisichomo. Mwanadamu hayumo. Hakuna aya katika sura hii inayompa mtu mmoja ruhusa ya kumtawala mwingine kama anavyotawaliwa mnyama. Hapa ndipo tungependa mwalimu asiwe na haraka.

Utawala huo ni wa namna gani? Vitenzi vya Kiebrania, vya kutawala na kutiisha, ni vikali, na si uaminifu kuvilainisha. Ila mazingira yake yanavipa mipaka. Aya ya 29 inatoa mimea peke yake kuwa chakula. Nyama hairuhusiwi mpaka 9:3, kwa hiyo utawala wa sura ya 1 haukuwa leseni ya kuchinja. Sura ya 2:15 inamweka mtu bustanini "ailime na kuitunza". Na Ezekieli 34:4, kwa kitenzi kile kile cha kutawala, inawahukumu wachungaji waliotawala kwa nguvu na kwa ukali. Mwakilishi hutawala kama yule aliyemtuma, na Mungu wa sura ya 1 anatawala kwa kupanga, kubariki na kulisha.

Aya ya 27 ina mistari mitatu, na "kuumba" imo katika kila mstari: "akaumba", "alimwumba", "aliwaumba". Angalieni -m- ikigeuka kuwa -wa-. Mtu mmoja, kisha wao wawili, bila mfano kugawanywa nusu kwa nusu. Wapo wanaofundisha kwamba mwanamume au mwanamke peke yake ni nusu ya mfano wa Mungu, na kwamba ndoa ndiyo huukamilisha. Ukikubali hilo umemvua cheo mjane, mseja na mtoto, na umemvua Yesu mwenyewe, ambaye hakuoa.

Na kuzaa je? Samaki na ndege wameambiwa wazae na kuongezeka katika aya ya 22, kwa hiyo kuzaa ni baraka, lakini hakuwezi kuwa ndio mfano wenyewe. Hata "nafsi hai" ya 2:7 haitusaidii kama wengi wanavyodhani: katika Kiebrania maneno hayo hayo yametumika kwa viumbe vya majini na vya nchi kavu katika 1:20 na 1:24, ingawa Kiswahili kimeyaficha.

Baada ya dhambi

Swali litakuja, kwa hiyo ulitangulie: je, mfano ulipotea Adamu alipoanguka?

Fuata kalenda ya kitabu. Anguko liko sura ya 3. Sura ya 5 inarudia kwamba mtu alifanywa kwa sura ya Mungu, kisha Adamu anamzaa Sethi kwa sura yake na mfano wake, na mnyororo unaendelea. Sura ya 8:21 inasema mawazo ya moyo wa mtu ni mabaya tangu ujana wake. Aya chache tu baadaye, 9:6: "Amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake itamwagwa na mwanadamu, maana kwa mfano wa Mungu alimfanya mwanadamu." Ubaya wa moyo na heshima ya mfano vimewekwa karibu hivyo, kwa makusudi, na hakuna kinachofuta kingine.

Halafu Yakobo 3:9, karne nyingi baada ya Edeni: kwa ulimi uleule tunamhimidi Mungu na "twawalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wa Mungu". Neno lake la Kigiriki ni lile ambalo tafsiri ya kale ya Kigiriki ililitumia kwa "sura" ya Mwanzo 1:26, na umbo la kitenzi chake lina maana ya jambo lililofanyika na ambalo matokeo yake bado yapo. Hakusema "watu wa kanisani". Amesema wanadamu.

Hakuna aya inayosema mfano umepotea. Warumi 3:23 inasema tumepungukiwa na utukufu wa Mungu, na hilo ni zito vya kutosha. Waprotestanti wa kale walieleza kwa kutofautisha maana pana ya mfano, inayobaki, na maana finyu, yaani maarifa, haki na utakatifu, iliyoharibika. Ndiyo maana Katekisimu Fupi ya Westminster ya 1647 inataja mambo hayo matatu, kutoka Wakolosai 3:10 na Waefeso 4:24. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya 355 hadi 361, inaanzia kwenye hadhi ambayo kila mtu anayo, na aya ya 357 inasema mtu si kitu tu, bali ni nafsi. Kundi likiwa la makanisa mchanganyiko, waeleze tofauti hizo kwa heshima, kisha warudishe kwenye 9:6 na Yakobo, ambazo wote wanazo.

Kuhusu 9:6, mtu atauliza habari za adhabu ya kifo. Wakristo hawakubaliani juu yake, na somo hili si mahali pa kulimaliza. Onyesha sababu iliyotolewa katika aya, ambayo ni thamani ya aliyeuawa, uendelee.

Njia tatu za kueleza, na kipimo cha kuzipima

Kwa karne nyingi maelezo yamefuata njia tatu. Ya kwanza inautafuta mfano katika uwezo fulani. Askofu Augustino (354–430) aliutazama katika kumbukumbu, ufahamu na utashi wa nafsi. Ya pili inautafuta katika uhusiano. Mwanatheolojia Karl Barth (1886–1968) aliukazia ule u-wawili wa mwanamume na mwanamke, kwamba mtu ameumbwa kukabiliana na mwenzake na Mungu wake. Ya tatu inautafuta katika kazi: kutawala kwa niaba ya Mungu. Wataalamu wengi wa Agano la Kale leo wameegemea hii ya tatu, kwa sababu ya lugha ya kifalme tuliyoiona.

Kila moja imeshika kitu cha kweli, na kila moja ikiachwa peke yake inaangusha mtu. Kipimo chetu ni hiki: chukua maelezo yoyote, uyaweke mbele ya mtoto mchanga, mtu aliyezimia kwa miezi, mwenye ulemavu mkubwa wa akili, na mzee aliyepoteza kumbukumbu. Je, bado wamo? Kama mfano ni akili, hawamo, au wamo kidogo. Kama ni uhusiano, aliyetelekezwa asiye na wa kumjibu anatoka. Kama ni kazi, asiyeweza kufanya kazi anatoka. Na geuza upande wa pili: kama mfano ni uwezo wa kufikiri na kusema, basi mashine ya akili bandia inayojibu maswali vizuri kuliko mtoto mchanga ingemzidi heshima. Maelezo yanayofika hapo yamekosea njia mahali fulani nyuma.

Kwa hiyo fundisha hivi: kuwa mfano wa Mungu ni hali ambayo Mungu amempa mwanadamu kwa kumwumba; uwezo, uhusiano na kazi ni matunda yanayotarajiwa kutoka humo, na yanaweza kucheleweshwa, kujeruhiwa au kuzuiwa bila hali yenyewe kuondoka.

Sarafu inafaa hapa. Pitisha ile iliyochakaa, uulize kama bado ni fedha. Kisha soma Mathayo 22:20-21, Yesu anapouliza, "Ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?" Kama chapa ya Kaisari inaipa Kaisari dai juu ya sarafu, ni kipi chenye chapa ya Mungu? Waambie wazi kwamba Yesu hakuimalizia hoja hiyo kwa maneno. Ni sisi tunaoisikia. Mishna ya Wayahudi, iliyokusanywa yapata mwaka 200, ina picha ya jirani: mtu hupiga sarafu nyingi kwa muhuri mmoja zikafanana zote, bali Mungu hupiga kila mtu kwa muhuri wa Adamu na hakuna afananaye na mwenzake.

Kristo, na ile tofauti ya "ni" na "kwa"

Mwanzo inasema mtu aliumbwa *kwa* mfano wa Mungu. Wakolosai 1:15 inasema Kristo *ni* "mfano wa Mungu asiyeonekana", na Waebrania 1:3 inamwita "chapa ya nafsi yake". Hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya somo. Mtu akitaka kujua mwakilishi wa Mungu anafananaje, hahitaji kukisia kutoka kwake mwenyewe kwenda juu. Anamtazama aliyegusa wenye ukoma na kuosha miguu.

Vifungu vya kufananishwa (Warumi 8:29, 2 Wakorintho 3:18, Wakolosai 3:10) vinaeleza mwendo, na vitenzi vya viwili vya mwisho ni vya kuendelea: "tunabadilishwa", "unaofanywa upya". Usiishie kwenye Wakolosai 3:10. Aya ya 11, mara moja, inaangusha Myunani na Myahudi, mtumwa na mwungwana. Paulo hakuweza kutaja mfano wa Muumba bila kugusa matabaka.

1 Wakorintho 11:7 iache hapa mwisho, kama itaulizwa. Paulo anamwita mwanamume mfano na utukufu wa Mungu, na mwanamke utukufu wa mwanamume. Tazama asichokisema: hakusema mwanamke si mfano wa Mungu, na asingeweza, kwa kuwa 1:27 imeshasema. Hoja yake hapo ni ya utukufu na mavazi ya ibada, na aya ya 11 na 12 anairudisha mizani mwenyewe.

Mgawanyo wa dakika 90

Maneno mfano na sura, dakika 10. Mwanzo 1 pamoja na kuandika kwa mkono na ile habari ya wafalme, dakika 25. Mwanzo 5 na 9, dakika 10. Yakobo na zoezi la ulimi, dakika 10. Njia tatu, kipimo na sarafu, dakika 15. Kristo, dakika 15. Sala, dakika 5. Ukichelewa, punguza njia tatu, usipunguze Yakobo.

Zoezi la ulimi ni hili. Kila mmoja aandike, bila kuonyesha mwenzake, maneno matatu anayoyatumia akiwa na hasira au dharau kwa watu. Wakishaandika, waangalie sarufi ya maneno hayo. Kiswahili kina adabu yake hapa: tunasema "kipofu amekuja", "viziwi wanasoma", si "kimekuja" wala "vinasoma". Neno limevaa ki-, lakini mtu anabaki na a- na wa- yake. Dharau ndiyo huipokonya: "kijitu hiki kinasema nini", "jitu lile". Hapo ulimi unamtoa mtu kwenye ngeli ya watu na kumtupa kwenye ya vitu. Soma Yakobo 3:9-10 mara ya pili baada ya hapo, polepole, kisha wape dakika mbili za ukimya. Usiwaombe wasome walichoandika. Watu wakijua watasomewa, wataandika maneno safi, na zoezi litakuwa limekufa. Karatasi kila mtu aondoke na yake.

Kwa kazi ya wiki, kila mshiriki achague mtu mmoja ambaye huwa anampita bila kumwona, na afanye mambo matatu: ajue jina lake, amsalimie kwa jina hilo, na amsikilize bila kumkatiza kwa dakika tano. Mradi wa msaada usianze wiki hiyo hiyo. Ukianza na kugawa vitu, mpewaji anageuka kuwa tatizo la kutatuliwa kabla hajawa mtu wa kujulikana.

Kwa watoto wa miaka 7 hadi 11, dakika 30 zinatosha: Mwanzo 1:27, sarafu, na Zaburi 8:3-6 ikisomwa nje, mahali mbingu zinapoonekana. Tselem na demuth waachie wakubwa. Kila mtoto amchore mtu mmoja anayemjua, na chini ya picha aandike jina la mtu huyo na maneno "kwa mfano wa Mungu". Kuwe na karatasi za akiba, maana wengi wataomba kumchora na wa pili.